Mia mbili, na mfuko ujae

Msyuu! Ukitaka kujua kama mtu aliyetoka kituo cha afya ameridhika, usimtazame usoni, mtazame mkononi. Ana mfuko wa vidonge vya rangi nne? Huyo atamsifu nesi hadi Jumapili. Ametoka na maneno ya "kunywa maji mengi, pumzika"? Basi hapa kijiweni kwetu, kando ya stendi ya Kamembe, Rwanda, nesi huyo atasengenywa mchana kutwa.

"Kanipa maneno matupu," alilalamika juzi mama mmoja anayeuza samaki wadogo wa sambaza. "Na mia mbili yangu kaipokea!"

Hapo ndipo penyewe. Mwenye mituweli, bima yetu ya afya ya jamii, akifika kituo cha afya hutoa faranga 200, awe na mafua, awe na malaria, apewe kidonge kimoja au kapu zima. Akipelekwa hospitali, Gihundwe au Mibilizi, analipa asilimia 10 ya bili. Mimi sina ugomvi na mituweli. Ilianza kwa majaribio mwaka 1999, sheria ya bima ikafuata 2007, na tangu 2015 iko mikononi mwa RSSB, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kabla yake wengi walisubiri ugonjwa uwalaze chini ndipo wabebwe kwenye machela. Lakini bei ya mlangoni ina tabia zake. Ni kama melanje pale mgahawani: umelipa sahani moja, basi unapandisha wali, ndizi, maharage na chipsi mpaka sahani inakuwa mlima, ushibe usishibe.

Na nesi naye ni binadamu. Nje kuna benchi limejaa, watoto wanalia, mzee mmoja anagonga mlango. Kumweleza mama kwamba mafua yanaletwa na kirusi, na kwamba amoksilini haigusi kirusi, kutakula dakika kumi na bado mama atatoka amenuna. Kuandika amoksilini hakumalizi hata dakika. Motari mmoja, mwendesha pikipiki wa hapa, anasema nesi hana kosa. Mimi nasema analo kidogo, ila sisi tunaomsukuma tuna kubwa zaidi.

Kwa sababu hizo dawa zinaenda wapi? Fungua kopo la Nido lililo juu ya kabati la jirani yangu. Amoksilini nne zilizobaki mwezi uliopita, maana homa ilishuka siku ya pili. Flajili za nani, hakuna anayekumbuka. Diklofenaki za mgongo wa babu. Zimekatwa kwa mkasi kutoka kwenye pakiti, kwa hiyo jina lenyewe limebaki nusu, na tarehe ya kuharibika imebaki kwenye kipande cha mtu mwingine! Mtoto akikohoa, kopo linashushwa. Shemeji akija kutoka Bukavu analalamika tumbo, kopo linashushwa. "Hii ilinisaidia mimi." Mtchh.

Sasa geuza upande wa pili. Siku unaumwa kweli, stoo ya kituo imekauka. Nesi anakupa karatasi: nenda farumasi. Kwa miaka mingi karatasi hiyo ndiyo iliyotuumiza, kwani mituweli iliishia kwenye geti la serikali. Dukani ulilipa bei kamili kama mgeni. Hapo ndipo mtu alipogeuka mchumi. "Nikatie za siku mbili kwanza." Yaani dawa isiyohitajika tunaimeza ovyo tukiipata kwa mia mbili, na ile inayohitajika tulizoea kuikata nusu. Vijidudu wanafurahi pande zote mbili: huku wanazoeshwa dawa bure, huku wanapigwa nusu kipigo na kuachwa hai.

Wanaoonyesha adabu ni wale wajumbe wa afya wa vijijini. Kule Bugarama, kwenye mashamba ya mpunga na mbu wake, mjumbe anakutoboa kidole kwanza akupime malaria. Kipimo kikikataa, Koartemu hupati, hata ulie. Watu wanamnunia, lakini ana haki. Mwaka 2020 wanasayansi walitangaza kwamba vimelea vya malaria vyenye badiliko liitwalo R561H, linalovipa ukaidi dhidi ya artemisinini, jamii ya dawa iliyomo kwenye Koartemu, vimeonekana Masaka, upande wa Kigali. Sisemi ni kopo la jirani lililovileta. Nasema dawa hiyo ikituponyoka, Bugarama hatutakuwa na cha kuringia.

"Basi wapandishe bei, watu walipe kwa kila dawa," kadakia mzee mmoja mstaafu. Pole, mzee. Kule England wanafanya hivyo: ukiwa miongoni mwa wanaolipa, kila dawa kwenye karatasi ni pauni 9.90, ingawa wenye miaka 60 na zaidi wamesamehewa. Na bado mwaka 2021 ripoti ya serikali yao ilikisia kwamba katika kila dawa 10 zinazotolewa huduma za msingi, moja haikuhitajika. Kwetu hapa ukipandisha, atakayekimbia kwanza ni yule mwenye nimonia.

Mimi ningegusa upande wa anayelipwa, si anayelipa. Na wala si jambo geni, lilizaliwa hapa hapa. Mwaka 2002, Cyangugu, mkoa wetu wa wakati huo, ilikuwa moja ya sehemu za kwanza nchini ambako vituo vya afya vililipwa kufuatana na kazi vilizofanya: mjamzito aliyejifungulia kituoni, mtoto aliyechanjwa, mgonjwa aliyehudumiwa. Mwaka 2006 mpango ukaanza kusambazwa nchi nzima, na akina mama wanaojifungulia kwenye vituo wakaongezeka. Kituo kinafanya kinacholipwa. Basi kilipwe pia kwa mgonjwa wa mafua aliyetoka bila antibayotiki na ameelewa kwa nini.

"Na huko kuelewa," akauliza motari akiwasha pikipiki yake, "atakuja kukuhesabia nani?"

Mama wa sambaza akacheka. Mimi bado natafuta jibu la kumpa.