Nibu Imepinda Tena

Jirani yangu hapa Kanyenye ni mtu mwema, na asali anayoniletea haijachanganywa na maji. Shida ni kalamu. Nina moja ya kujaza wino, na yeye kazoea biki, basi akiishika anaikandamiza kama anachimbua muhogo. Juzi kasaini nayo hati ya kiwanja, kisha akanirudishia na lawama juu: “Mzee, hii kalamu yako inakwaruza.” Ikose kukwaruza? Ulimi mmoja wa nibu umeelekea Nzega, wa pili Sikonge!

Sokoni kuna fundi saa, fundi simu, fundi baiskeli. Fundi nibu sijamwona. Yule wa saa alikimbilia koleo, nikamnyang'anya kalamu yangu. Koleo huacha kovu kwenye nibu, na kovu halinyooki.

Basi kazi ni ya nyumbani. Unaosha wino, unakaa penye mwanga na lenzi, unaweka ukucha wa kidole gumba chini ya ulimi ulioshuka, unainua polepole, unaachia, unatazama. Chuma kibishi, kinarudi kilikotoka. Inabidi ukivushe kidogo kupita pale unapotaka. Msasa weka mbali. Kile kitone kwenye ncha ni madini magumu, jamaa ya iridiamu, na kikisagika chote kalamu imekwisha.

“Baba watoto, si ununue biki tu?” Hiyo ni sauti ya jikoni, kila mara nikishika lenzi.

Livingstone naye angejibiwa hivyo? Mwaka 1871, kule Nyangwe, aliishiwa wino na karatasi, akaandika kwa rangi ya mzingifuri juu ya gazeti kuukuu la London, akikatiza maandishi yaliyochapwa. Rangi ikafifia, hata karne hii wataalamu wamehitaji kamera maalumu kuyasoma. Mwaka uliofuata alikaa miezi hapa Kwihara akisubiri wapagazi, na pale palipokuwa na tembe alilokaa sasa pana makumbusho. Dhiki alizipata nyingi, ila sijasoma popote kwamba jirani alimwazima kalamu.

Yangu inaandika tena, japo inagoma kwenye herufi “m”. Kwa hiyo, jamani, mkija kwangu kusaini mikataba yenu ya tumbaku, biki zimo kwenye kopo pale dirishani. Chukueni hata mbili, na msizirudishe.