Gari Hulala Nje, Friza Hulala Ndani

Brooklyn Park, Minnesota

Baba mdogo,

Salamu zikufikie hapo Pap Onditi, wewe na Mama mdogo na wote waliokaa chini ya mti wa ober wakikusikiliza ukiisoma barua hii kwa sauti ya gwaride la asubuhi. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo huku kuanzia Novemba huwa si yako tena. Nimejitahidi kuandika Kiswahili cha kueleweka, kwa kuwa barua yangu ya mwisho uliipiga picha ukanirudishia ikiwa imejaa wino mwekundu na maneno "ngeli, kijana, ngeli" pembeni. Ualimu umestaafu; kalamu haijapata taarifa.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na jogoo. Nimeelewa kwamba kuna mtu amekuja kutoka Kisumu na picha za nyumba za Marekani kwenye simu yake, na tangu siku hiyo hulali. Unataka boma letu liwe na gereji ya magari mawili, mlango wake uwe wa kujifungua wenyewe, na mbele yake pawe na mahali pa kisasa pa kupumzikia wageni. Unataka nikupe mawazo kwa sababu mimi naishi kwenye chanzo. Mawazo nitakupa, maana hayauzwi kwa futi kama mabati. Ila kwa kuwa boma letu lina pikipiki moja na baiskeli ya marehemu babu isiyo na cheni, acha kwanza nikueleze hawa wenye gereji wanaweka nini ndani.

Hawaweki gari.

Jirani yangu wa kushoto ni mzee wa asili ya Norway, mpole, mwenye magari mawili na gereji ya magari mawili. Hesabu hiyo ungeiwekea alama ya vema. Lakini magari hulala nje. Januari, baridi ikifika nyuzi 25 chini ya sifuri, mzee hutoka alfajiri kavaa kama mtu anayekwenda mwezini, ameshika kikwaruzo cha plastiki, anakwangua barafu kwenye kioo cha gari huku gereji yake imesimama hapo nyuma, imefungwa na ina joto. Ndani amelala nani? Friza ya pili, yenye nyama ya paa. Mti wa Krismasi wa plastiki. Baiskeli za watoto ambao sasa nao wana watoto. Mtumbwi. Na mashine ya kurusha theluji, Baba mdogo! Chombo kilichoundwa kufanya kazi ndani ya theluji kimehifadhiwa kisiguswe na theluji, na gari linafukiwa nje mpaka chombo kitoke kwenda kulifukua.

Kuna pia hema la kuvulia samaki. Maziwa ya huku huganda, nao huendesha gari hadi katikati ya ziwa, wakatoboa barafu, wakakaa juu ya ndoo siku nzima wakisubiri samaki ambaye kwetu angeitwa fulu na kurudishiwa mama yake. Jimbo hili linajisifu kwa maziwa elfu kumi. Limeliandika hilo hata kwenye namba za magari. Niliwaambia sisi tunalo moja tu, la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na nusu ya shida zetu zimo humo. Wakabadilisha mazungumzo.

Usidhani ni huyo mzee peke yake. Kati ya 2001 na 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliingia katika nyumba za familia 32 za mji huo wakapiga picha na kuorodhesha kila kitu. Kitabu chao kilipotoka mwaka 2012 kilisema kwamba robo tatu ya gereji hazikuweza kuingiza gari kwa sababu ya vitu. Na Los Angeles haina theluji, kwa hiyo hata mashine ya kurusha theluji haiwezi kulaumiwa.

Mlango, hata hivyo, nausifu. Mmarekani mmoja, C. G. Johnson, ndiye aliyeuunda mlango wa gereji unaopanda juu, mwaka 1921, na 1926 akaufungia mota ya umeme. Unabonyeza rimoti ukiwa bado barabarani, mlango unapanda kwa heshima zote, unaona friza, unaushusha, unaegesha nje. Tangu 1993 sheria ya huku inataka mota hiyo iwe na namna ya kujua kama kuna mtoto chini ya mlango, na kwa kawaida kuna jicho la umeme karibu na sakafu. Kitu kikipita mbele yake, mlango unageuza na kupanda tena. Nimeliwaza jicho hilo likiwa Pap Onditi. Kuku wa Mama mdogo wakianza safari zao za saa kumi na mbili, mlango utapanda na kushuka mpaka mota itoe moshi. Kituo cha Sondu Miriu ni jirani yetu na kina megawati 60, lakini umeme haujui ujirani. Mvua ya kwanza ikinguruma utabaki umesimama nje ya gereji yako na rimoti mkononi, na watu chini ya ober wanakutazama.

Nimefikiri sana gereji za huku ni nini hasa, nami nimefikia jibu moja, ukitaka lisahihishe. Ni simba. Si mnyama, namaanisha nyumba ya kijana pale karibu na lango, ambayo baba haingii ovyo, ambayo mwenyewe hutoka na kurudi saa anazozijua. Gereji nayo hukaa mbele, karibu na barabara, ina mlango wake, na kelele za humo hazihesabiwi kuwa kelele za nyumba. Vijana huingia humo na gitaa, au na nyaya. Bill Hewlett na Dave Packard waliingia na nyaya mwaka 1938, Palo Alto, kwa mtaji wa dola 538. Packard alikuwa na mke, akapata vyumba ndani ya nyumba. Hewlett alikuwa kapera, akalala kwenye kibanda cha nyuma. Sasa niambie kama hujawahi kuliona boma la namna hiyo. Leo gereji hiyo ni mahali pa kumbukumbu ya jimbo la California na watu huja kuipiga picha kwa nje. Mwaka 1994 Jeff Bezos alianzia Amazon kwenye gereji huko Bellevue, karibu na Seattle. Na 1998 vijana wawili wa Google walipanga gereji ya Susan Wojcicki, Menlo Park, kwa dola 1,700 kwa mwezi, kwa sababu naye alikuwa na mkopo wa nyumba wa kulipa. Hapo tu ndipo wametushinda: simba ya kwetu hailipiwi kodi, ndiyo maana haina haraka ya kuzaa kampuni.

Kwa hiyo nakutahadharisha. Ukijenga gereji ya magari mawili, kabla ya mvua mbili kitindamimba wako atakuwa amehamia humo na godoro na spika.

Sasa tuje nje, kwenye hilo la kupumzikia. Huku kila nyumba ina jukwaa la mbao lililobandikwa nyuma yake, lenye viti, meza, mwavuli na jiko la kuchomea nyama. Nasi tunalo. Wewe ulipotoka kwa babu kwenda kuanzisha boma lako, ulitoka alfajiri na jogoo wako, na mwanao wa kwanza kashika shoka, na hakuna aliyekuuliza ramani. Mimi kwa jukwaa la hatua tano kwa nne nilipeleka mchoro manispaa, nikalipia kibali, nikasubiri. Kisha kikaja chama cha wenye nyumba wa mtaa, ambacho kinaruhusu rangi kadhaa za kahawia, zote sawa, kila moja ikiwa na jina la chakula. Nilichagua ile yenye jina la mkate. Wakaniandikia kwamba nimepaka yenye jina la njugu.

Lakini mkaguzi ndiye aliyenifurahisha. Nilikuwa nimechimba mashimo ya nguzo. Akaja, hakutazama mbao, hakutazama rangi. Alichuchumaa kando ya kila shimo, akateremsha futi ya chuma, akasoma, akanyamaza, akaenda la pili. Katika upande huu wa Minnesota shimo la nguzo lazima lifike inchi 42 chini, yaani zaidi ya mita moja. Upande wa kaskazini inchi 60. Sababu ni kwamba maji yaliyomo ardhini huganda, na yakiganda hutanuka na kunyanyua kilicho juu yake. Nguzo yenye kitako cha juujuu itapandishwa na baridi kila mwaka, ikishuka hairudi mahali pake, na baada ya miaka michache jukwaa lako limeinama kama bibi anayetafuta sindano. Lazima uteremke hadi pale ambapo baridi haifiki.

Nilipomwona yule mtu akipima shimo, ulinijia moja kwa moja udongo wetu. Kalamu nyekundu iweke chini kidogo, hili ni la maana. Udongo mweusi wa tambarare yetu nao hunyanyua nyumba, ila wenyewe hauhitaji barafu. Masika ukinywa maji unavimba. Januari ukikauka unapasuka nyufa za kumeza kandambili. Ndiyo maana sakafu ya sebule yako ina ule mstari ambao kila mwaka unauziba kwa simenti na kila mwaka unafunguka, nawe unamlaumu fundi. Fundi ana makosa yake, lakini mstari ule ni wa udongo. Kile cha Marekani kinachofaa kuletwa Pap Onditi ni mkaguzi wa mashimo, si mlango wa rimoti. Na kwa kuwa yeye hapandi ndege, mkaguzi utakuwa wewe.

Hivi ndivyo ningefanya. Gereji yenye kuta achana nayo. Jenga banda wazi, nguzo na paa la mabati, mita sita kwa sita, lililoungana na baraza mbele ya nyumba. Pikipiki italala chini yake, na siku ya mgeni au ya matanga pikipiki itatoka na viti vitaingia. Chini, mwambie fundi aondoe udongo mweusi wote mahali pa sakafu, ajaze mawe na maramu, ashindilie kwa tabaka, ndipo amwage zege, na sakafu ipande juu ya uwanja. Atakuambia hakuna haja. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda kuvuka hata kiwango cha 1964, kule Nyando na Nyakach ya chini watu walitoka nyumbani kwa mtumbwi. Na wote hao walikuwa na fundi aliyesema hakuna haja.

Paani weka gata na tangi. Hesabu hii utaipenda: paa la mita 6 kwa 6 ni mita za mraba 36, mvua ya milimita 10 ikinyesha juu yake ni lita 360. Ipotee kidogo njiani, bado ni madumu mengi ambayo Mama mdogo hatayabeba. Na maji yasiyoingia tangini yaelekezwe mbali kwa mtaro wa mawe. Korongo la Katuk Odeyo kuna siku lilikuwa kijito ambacho mtoto angekiruka.

Usiukate ober. Najua fundi ameshauangalia kwa jicho la mbao.

Jiko la nje nalo uliniulizia. Lile la duara ulilolipenda kwenye picha lilitengenezwa mwaka 1952 na George Stephen, mfanyakazi wa karakana ya chuma ya ndugu Weber huko Chicago. Alichukua boya la majini, la chuma, akalikata katikati. Nusu ikawa jiko, nusu ikawa kifuniko. Sasa, boya, Baba mdogo. Nenda sokoni Kibuye na pipa kuukuu, waambie mafundi unachotaka, watakukatia wakikupigia hadithi, nawe utalipia sehemu ndogo ya nilicholipa mimi. Mwaka jana nilichoma tilapia mzima kwenye langu, na kichwa chake. Jirani alichungulia, akauliza kwa adabu kama samaki ananitazama. Nikamwambia kwetu samaki asiye na kichwa anatiliwa shaka. Aliyefugwa China kwenye bwawa nakutana naye kila wiki dukani hapa, na nasikia hata Kisumu, mbele ya ziwa lenyewe, mnaye kwenye friji za soko. Huyo ana safari kuliko mimi, na yeye hakuombwa viza.

Jukwaa letu tunalikalia tangu mwisho wa Mei hadi Septemba, mbu wakituruhusu. Mbu wa huku wamefunzwa na wale wa tambarare ya Kano. Miezi mingine tunalitazama kupitia dirishani, likiwa na theluji hadi kwenye mikono ya viti, rangi ya njugu haionekani.

Pesa ya mawe na maramu nitatuma mwisho wa mwezi, kwa simu ya Mama mdogo. Usikasirike. Ya mabati ya mwaka juzi niliituma kwako, na picha uliyonirudishia ilikuwa ya ng'ombe. Ni ng'ombe mzuri, sikatai. Mashimo yakishachimbwa, Mama mdogo ayapime kwa futi ya fundi cherehani, apige picha futi ikiwa ndani ya shimo na namba zinasomeka, ndipo nitume ya simenti.

Wako mtiifu,

Mwanao wa Minnesota