Aliyeshika Ramani Hana Kosa

Wapo mke na mume, tuwaite Mama Salma na Baba Salma, waliovumiliana miaka 20 ya karo za shule, bati linalovuja na shemeji aliyekuja kukaa wiki akakaa mwaka, kisha wakaenda Venice kuadhimisha ndoa yao na wakanuniana siku ya kwanza kabla ya adhuhuri. Ndugu wakitumiwa picha za gondola hawajui kwamba kati ya picha ya tatu na ya nne ilipita robo saa ya kimya. Kesi za namna hii huamuliwa haraka: aliyeshika ramani ndiye mkosaji, tena mkosaji sugu, kwa sababu hata mwaka ule wa harusi ya binamu alipoteza njia. Mimi nasema hukumu hiyo ni batili. Mshitakiwa halisi hakuitwa mahakamani. Mshitakiwa ni mji wenyewe, na ushahidi umejengwa kwa mawe, kila mtu anaweza kwenda kuukanyaga.

Tuanze na begi. Magari huishia Piazzale Roma, treni huishia stesheni ya Santa Lucia, na kutoka hapo ni miguu au boti. Mji umekaa juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100, vimeunganishwa kwa madaraja yapatayo 400, na karibu kila daraja ni ngazi za kupanda na za kushuka. Anayekwambia hoteli iko dakika kumi kutoka stesheni hasemi uongo. Ila dakika hizo zilipimwa na mtu aliyekuwa mikono mitupu. Litazame begi la magurudumu likipanda daraja. Gurudumu la kushoto linagonga ukingo wa ngazi, begi linalala ubavu, mpini unamsokota mwenye nao kiwiko, na nyuma yake msafara wa watu unasimama kama wanaongoja kuaga maiti. Hapo ndipo linapotoka swali: “Hivi jozi sita za viatu, siku nne, za nini?” Ukilisikia utadhani linahusu viatu. Linahusu ngazi. Lingeulizwa kwenye sakafu bapa, lisingeulizwa kabisa.

Wala tusiwasingizie wazee wa kale peke yao. Mwaka 2008 mji ulifungua daraja jipya kabisa kati ya Piazzale Roma na stesheni, na vikanyagio vyake vikawekwa kioo. Kioo, katika mji wa mvua na ukungu, mahali ambapo kila apitaye anatazama juu. Watu waliteleza na kuanguka, mwaka 2019 mahakama inayosimamia fedha za umma ikamtoza mbunifu wake euro 78,000 kwa uzembe, na baadaye manispaa ikaamua kioo kiondoke, yakae mawe. Zingatieni utaratibu huo: binadamu alianguka, na lawama ikaenda kwa daraja. Nami naiombea ndoa haki ileile.

Sasa ramani yenyewe. Venice imegawanywa mitaa mikuu sita, na nyumba hazihesabiwi kwa barabara bali kwa mtaa mzima, namba moja baada ya nyingine, kona baada ya kona. Katika mtaa wa Castello zinapita 6,800. Kwa hiyo mtu aliyeandikiwa “Castello 3415” ameambiwa kweli tupu isiyomsaidia chochote, sawa na kuambiwa mtu unayemtafuta yuko Kariakoo na amevaa shati. Majina ya vichochoro nayo hujirudia: uchochoro wa tanuri la mikate upo hapa, na upo kule, na upo kule ng'ambo, maana kila mtaa ulikuwa na mwokaji wake. Halafu kuna vile vibao vilivyoandikwa ukutani, “Per Rialto”, “Per San Marco”, kila kimoja na mshale wake. Mahali pengine utakuta mshale mmoja unaelekeza kushoto na mwingine kulia, na yote miwili inakupeleka kulekule. Mume akasema kushoto, mke akasema kulia, wakabishana mpaka jasho, na manispaa imewaandikia ukutani kwamba wote wawili wamepatia.

Atadakia mtu: siku hizi kuna simu, anayepotea amependa. Hoja hii hutolewa na watu ambao hawajaona uchochoro usiozidi upana wa mabega, kuta zake ghorofa nne kwenda juu. Mawimbi ya satelaiti yanadunda huko kama mpira chumbani, kile kidoti cha buluu kinaruka ukuta na kukaa uchochoro wa pili. Na hata kikitulia, simu inaweza kukwambia mlango uko mita 40 mbele yako, usijue kwamba katikati ni maji mpaka uyafikie. Mfereji Mkuu unaupasua mji kwa karibu kilomita nne, na madaraja yanayouvuka ni manne tu. Ukilikosa moja, unatafuta la pili kwa saa. Kuna gondola za kuvusha watu kwa euro 2, abiria wengi wamesimama wima kama wako kwenye daladala, na kwa maoni yangu huo ndio usafiri wenye akili kuliko wote mjini. Lakini kivuko chenyewe kimejificha mwisho wa uchochoro, na kufika huko kunahitaji ramani.

Pingamizi zito zaidi linatoka pwani yetu. Mtu wa Lamu, au wa Mji Mkongwe wa Unguja, atacheka: vichochoro tumezaliwa navyo, gari halipiti, na maji kujaa na kupwa tunayajua kwa tarehe za mwezi. Kweli. Tena uhusiano upo wa siku nyingi, kwani ushanga uliopita Unguja karne ya 19 kwenda bara na misafara, sehemu yake kubwa ulipikwa katika tanuri za Venice. Lakini Mpwani ana msaada mmoja ambao Venice haina: baraza, na mtu aliyekaa juu yake. Hakuna anayepotea Lamu zaidi ya kona tatu, kwa sababu kwenye kona ya tatu yupo mzee anayekwambia umepita, rudi, na anakuuliza unamtafutia nini fulani. Venice ilikuwa na wakazi wapatao 175,000 mjini kati mwaka 1951. Leo hawafiki 50,000. Wengi walihama kwa kodi na bei. Unayemsimamisha kumuuliza njia, mara tatu kati ya nne, naye ameshika ramani, na mwenzake amesimama pembeni amevimba.

Na bamvua ya kule si bamvua tunayoijua. Uwanja wa San Marco ndio mahali pa chini, maji hupanda kupitia mitaro na kutokea miguuni mwa watu. Tarehe 12 Novemba 2019 yalifika sentimita 187. Mwaka 1966 yalifika 194. Tangu Oktoba 2020 kuna malango 78 ya chuma yanayoinuliwa kwenye milango ya bahari, lakini huinuliwa maji yakitabiriwa kufika kama sentimita 110, na uwanja unaanza kulowa mapema kuliko hapo. Basi kuna siku ambazo, kwa hesabu za serikali, hakuna mafuriko, ila mama amevaa gauni la sherehe na mifuko ya plastiki ya rangi ya chungwa iliyomfika magotini, aliyouziwa na mchuuzi kona ya uwanja. Nani aliyechagua Novemba kwa sababu tiketi zilikuwa rahisi? Swali hili nalo, naomba mahakama ilitupe.

Pesa sitazikalia sana, kila mtu anajua mji wa watalii hauna huruma. Nitaje gondola tu: euro 90 kwa nusu saa mchana, 110 usiku, bei ya chombo kizima si ya kichwa, na wimbo haumo. Mwaka 2020 idadi ya abiria wa chombo kimoja ilipunguzwa kutoka sita hadi watano kwa sababu wageni wamezidi uzito, jambo ambalo si la kumtajia mke siku hiyo. Anayetaka kubana matumizi akajipikia mwenyewe akumbuke wasafiri wawili wa Kijerumani waliokutwa mwaka 2019 wakichemsha kahawa kwenye ngazi za daraja la Rialto: faini euro 950 na kufukuzwa mjini. Kisha gondola inapita chini ya Daraja la Mapumuo, ambapo imevumishwa kwamba wapenzi wakibusiana machweo watapendana milele. Daraja hilo lilijengwa kuvushia wafungwa kutoka kwenye vyumba vya mahojiano kwenda gerezani. Hata Casanova, kijogoo mashuhuri kuliko wote wa mji huo, alifungwa katika jumba la jirani mwaka 1755, na mwaka uliofuata akatoroka kupitia paa. Mji huo ndiko tunakowatuma watu waliooana.

Mwenye busara atauliza: mbona wengine wanarudi wanacheka? Wachunguzeni, mtakuta wengi wao walikwenda na mtoto mkubwa, au na wifi. Nyumbani kwetu lawama ina matawi mengi ya kutua. Umeme ukikatika ni shirika, mchuzi ukiungua ni mgeni aliyepiga simu, mkichelewa harusini ni dereva. Inapomfikia mwenzio imeshapoa. Venice imewatoa wote hao. Hakuna jirani, hakuna fundi, hakuna shemeji. Katika visiwa vyote vile, anayekuelewa unapolalamika kwa Kiswahili ni mtu mmoja, na ndiye aliyeshika mpini wa pili wa begi. Ndiyo maana makosa ya mwashi aliyekufa miaka 500 iliyopita humwangukia Baba Salma.

Kwa hiyo albamu ikifunguliwa sebuleni, na wageni wakauliza mbona hapa mmesimama kila mtu na upande wake, Mama Salma asiseme hapa ndipo baba alipotupoteza. Aseme hapa ndipo kibao kilipotupoteza. Wageni wataitikia, watafunua ukurasa, na watataka kujua ile mifuko ya chungwa miguuni ni ya nini.