Elimu ya Kukwama Mchangani

Jangwa la Wahiba nchini Oman, liitwalo pia Mchanga wa Sharqiya, lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 12,500 na vilima vinavyofikia mita 100, na ndipo gari la fowili, yaani lile ambalo injini huzungusha magurudumu yote manne, humwonyesha mwenyewe kwamba linaweza pia kukwama kwa yote manne mara moja.

Tairi lenye upepo wa pauni 35, unaofaa kwa lami, hutakiwa kushushwa hadi 15 au 18 kabla ya kuingia mchangani, kwa sababu tairi lililolegea hurefusha unyayo wake na kuutandaza uzito wa gari badala ya kuudidimiza. Hilo hulijua kila dereva wa Bidiya, mji ulio ukingoni mwa jangwa, na hata mgeni wa kutoka Muscat hulijua. Kinachomshinda ni kuchutama juani mbele ya matairi manne akisikiliza upepo ukitoka, huku wenzake waliotangulia wakimpigia honi.

Basi huingia bila kuupunguza, na mwendo unapopungua hukanyaga mafuta, tendo ambalo barabarani ni dawa na mchangani ni kuchimba kisima: magurudumu huzunguka palepale, mchanga hurushwa nyuma, na punde ekseli na chasi, yaani fremu inayobeba bodi, hukaa kitako.

Hapo baraza hufunguliwa. Katika familia zenye asili ya Unguja, ambazo nyingi zilihamia Oman baada ya 1970 zikiwa na Kiswahili chao, shauri hutolewa kwa lugha mbili, na anayeshauri zaidi, kwa kawaida, ni yule ambaye bado hajavua viatu. Kijana husema kwa adabu kwamba pengine, ami akiridhia, upepo upunguzwe. Ami, aliyeshika usukani, huridhia kila kitu isipokuwa hilo, akishikilia kuwa kosa ni la gia.

Jua likishapanda, huridhia. Upepo hushushwa hadi 12 (ukishuka mno, tairi huweza kuchomoka kwenye ringi gari likikata kona kali), mchanga hufukuliwa kwa beleshi upande ambao gari litatokea, kisha gari hurudi kinyumenyume polepole juu ya alama zake lenyewe, njia ambayo ami hueleza baadaye, mbele ya kahawa, kuwa ndiyo aliyoikusudia tangu mwanzo.