Barua ya Wazi kwa Kamati za Nidhamu: Mkimshtaki Mwanafunzi, Msikisahau Kitanda

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati za Nidhamu za Wanafunzi,
Vyuo vya Ifakara na Bonde zima la Kilombero,
Mkoa wa Morogoro.

YAH: OMBI LA KUONGEZA WASHTAKIWA KATIKA MASHAURI YA KUKIUKA KANUNI ZA AFYA WAKATI WA MLIPUKO

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naanza kwa kuwapongeza. Gonjwa la mlipuko likitangazwa, Wizara ya Afya hutoa mwongozo, mkuu wa chuo huubandika kwenye ubao wa matangazo, na ninyi ndio mnaoachiwa kazi ya kuupa meno. Meno yenyewe tunayajua: mwanafunzi anaitwa kuandika maelezo, anapewa barua ya onyo, anaambiwa aje na mzazi, na ikibidi anasimamishwa masomo mpaka atakapotambua umuhimu wa barakoa. Kazi hii haikuisha korona ilipopoa. Marburg ilitangazwa Kagera Machi 2023, ikatangazwa tena mkoani humo Januari 2025. Kipindupindu nacho hakijawahi kusubiri likizo ya chuo. Siku si nyingi mtakaa tena kurekebisha kifungu cha afya katika kanuni za wanafunzi, ndiyo maana naleta ombi langu mapema. Vifungu vya aina hii vina upungufu mmoja: orodha ya washtakiwa ni fupi mno. Ina mwanafunzi peke yake.

Mshtakiwa wa kwanza ninayempendekeza ni kitanda. Wakati wa korona watu waliambiwa wakae umbali wa mita moja au zaidi. Chukueni futi kamba, ingieni bweni lolote lenye vitanda vya dabodeka, pimeni kutoka uso wa aliyelala chini hadi godoro la aliyelala juu, kisha pimeni kutoka kitanda hadi kitanda. Bweni la namna hiyo huvunja kanuni kila siku kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, tena kwa maandishi, maana mgao wa vyumba umesainiwa ofisini. Mwanafunzi akikutwa chini ya mwembe na wenzake watano, kwenye upepo, ana kosa la mkusanyiko. Akirudi chumbani akalala na hao hao watano, madirisha yamefungwa kwa kuogopa mbu, ametii. Naomba kitanda hicho kiitwe kamatini, na kije na mzazi wake. Mshtakiwa wa pili ni ndoo ya getini. Wiki ya kwanza ya mlipuko ni ndoo mpya yenye koki, imewekwa juu ya stuli, na pembeni kuna sabuni ya maji katika chupa iliyotobolewa kifuniko. Wiki ya pili sabuni imezimuliwa hadi haitoi povu. Wiki ya tatu koki inavuja, mlinzi ameifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na maji yaliyobaki hayafiki usawa wa koki, hivyo anayetaka kunawa lazima aiinamishe ndoo kwa mikono miwili ambayo bado hajainawa. Akipita bila kunawa, anatakiwa aandike jina lake kwenye daftari, kwa kalamu moja iliyokwisha kupita mikononi mwa wote waliotangulia.

Mtaniambia kwamba hata vyuo vikubwa duniani viliadhibu. Ni kweli, na ushahidi wao uko upande wangu. Septemba 2020 Chuo Kikuu cha Northeastern cha Boston, Marekani, kiliwaondoa wanafunzi 11 wa mwaka wa kwanza waliokutwa pamoja katika chumba kimoja cha hoteli, kikatangaza kuwa ada yao, dola 36,500 kila mmoja, hairudi. Hoteli hiyo ndiyo chuo chenyewe kilikowapanga wanafunzi zaidi ya 800, wawili wawili chumbani. Mwezi mmoja kabla, Chuo Kikuu cha North Carolina pale Chapel Hill kilianza masomo tarehe 10 Agosti. Tarehe 17 kikatangaza kwamba masomo ya shahada ya kwanza yanahamia mtandaoni, kwa sababu maambukizi yalizuka kwa makundi, kadhaa kati yake ndani ya mabweni. Hapo hakuna aliyelazimika kuvunja kanuni ili augue. Ilitosha kulala alikopangiwa. Huko Uingereza, Chuo Kikuu cha Manchester kiliamka Novemba 2020 kikawazungushia wanafunzi wa mabweni ya Fallowfield uzio wa chuma. Wanafunzi waliung'oa jioni ile ile, na kilichoomba radhi kilikuwa chuo. Mkitaka kuiga ya ng'ambo, igeni mpaka mwisho, pamoja na hiyo radhi.

Mshtakiwa wa tatu ni mwongozo wenyewe, kwa kosa la kubadilika huku ukidai utii ule ule. Chukueni mfano wa mwanafunzi wa utabibu aliyeanza stashahada ya miaka mitatu hapa bondeni mwishoni mwa 2019. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, aliyepatikana Arusha. Siku mbili baadaye vyuo vikaambiwa vifunge, na wanafunzi wa nchi nzima wakabanana kwenye mabasi kurudi makwao. Takwimu za taifa zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Mei 3 Rais Magufuli akaeleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa siri zilikutwa na virusi. Juni 1 vyuo vikafunguliwa, na mwezi huo huo taifa likaambiwa kuwa maombi yameuondoa ugonjwa. Februari 2021 waziri aliyefuata, Dkt. Dorothy Gwajima, akasimama mbele ya waandishi wa habari kuhimiza kinywaji cha mboga na viungo pamoja na kujifukiza. Julai 28 mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani. Kabla ya kuhitimu, kijana huyu alishatakiwa aogope, asiogope, ajifukize na achanjwe. Aliyevaa barakoa darasani Januari 2021 alikuwa mtiifu au mtia hofu? Sisemi haya kumsuta mtu. Nasema kwa sababu kanuni ya afya hufuatwa pale anayeitoa anapoaminika, na imani ikishapotea hairudishwi na barua ya onyo.

La ajabu ni kwamba somo hili hamkupaswa kulisikia kutoka kwangu wala kutoka Boston. Ifakara ina maabara ya magonjwa ya tropiki tangu miaka ya 1950, ile aliyoianzisha Mswisi Rudolf Geigy na ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1997 wilaya za Kilombero na Ulanga ziliingia katika mradi wa KINET, uliosambaza vyandarua na dawa yake kwa jina la Zuia Mbu. Ingekuwa rahisi kutunga sheria ndogo na kuwatuma mgambo kukagua vitanda usiku. Badala yake vyandarua viliuzwa karibu na watu, vikatangazwa kwa lugha yao, na wajawazito pamoja na mama wenye watoto wadogo wakapewa hati za punguzo. Katika eneo ambalo kaya zake zilifuatiliwa, watoto wachanga waliokuwa wakilala kwenye chandarua chenye dawa hawakufika asilimia 10 mwanzoni. Baada ya miaka mitatu walipita asilimia 50. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet ulionyesha kuwa vyandarua hivyo vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Bonde hili liliufundisha ulimwengu kwamba tabia ya afya hubadilika kifaa kikifika, bei ikishuka na maelezo yakaeleweka. Ni vigumu kuelewa kwa nini somo hilo lisivuke barabara likaingia vyuoni.

Mjumbe makini atapinga hapa: anayelala nje ya chandarua anajihatarisha mwenyewe, lakini anayekohoa bila barakoa anawahatarisha wengine, hivyo wa pili anastahili mkono mzito zaidi. Hoja ina uzito, basi tuipime kwa kifua kikuu, ugonjwa ambao kila muuguzi wa Ifakara anaujua na ambao huambukiza kwa hewa ile ile. Nchi hii haiwashtaki wenye kifua kikuu. Inawapa dawa bure na kuwafuata nyumbani wanapoacha kliniki, kwa sababu uzoefu umeonyesha kwamba anayeogopa kutengwa hukificha kikohozi chake mpaka ameambukiza nyumba nzima. Mwanafunzi naye ana akili za kutosha kufanya hesabu hiyo. Akijua kwamba kusema "nina homa" kunamfungulia jalada, kumkosesha mtihani na kumwita baba yake kutoka Mlimba au Malinyi, atameza paracetamol, ataosha uso na kuingia darasani. Hapo adhabu imeshafanya kazi yake: kamati imepata utulivu, na kirusi kimepata bweni.

Sisemi kwamba hakuna mkosaji. Yupo mwanafunzi aliyepimwa, akaambiwa ana ugonjwa, akapewa chumba cha kujitenga na chakula cha kuletewa, kisha akaruka ukuta kwenda disko. Yupo pia anayeingia wodini na glavu zake mfukoni, mbele ya mgonjwa asiyeweza kujitetea. Hao waitwe, wahojiwe, waadhibiwe, na mimi sitawaandikia barua ya utetezi. Lakini tazameni kinachowafanya wawe wakosaji: walijua, walipewa nyenzo, na wakachagua kuhatarisha mtu mwingine. Kosa likikosa moja ya hayo matatu, linalobaki ni umaskini uliopewa namba ya jalada. Na hata mkosaji halisi ana Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, inayompa haki ya kusikilizwa kikamilifu na ya kukata rufaa. Mlipuko hauifuti ibara hiyo. Kikao cha dakika kumi ambacho barua ya kumsimamisha mtu imechapwa kabla hajaingia mlangoni ni ukiukwaji mkubwa kuliko kidevu kisicho na barakoa.

Pingamizi jingine nalisikia kabla halijasemwa: hawa ni wanafunzi wa afya, wanapaswa kujua kuliko wengine. Naafiki, na kwa sababu hiyo hiyo nawasihi muwe waangalifu. Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko na vyuo vya utabibu na uuguzi vya mji huu vinaandaa watu watakaosimama katika zahanati ambako mama amevuka maji ya mafuriko na mtoto mgongoni, amechelewa siku tatu, na jambo la kwanza analolitarajia ni kufokewa. Wananchi wamelalamikia kauli za baadhi ya wauguzi kwa miaka mingi, na tumezoea kusema ni tabia yao. Huenda nyingine walifundishwa. Kijana aliyeelewa chuoni kwamba ugonjwa ni kosa na dalili ni ushahidi, atampokea mgonjwa kama mshtakiwa. Kijana aliyeulizwa kwanza "ulikosa nini ukashindwa kunawa?" atamuuliza mama yule swali hilo hilo, naye mama atarudi tena kliniki. Hilo ni somo lisilo kwenye mtaala, na walimu wake ni ninyi.

Limebaki pingamizi la mwisho, la fedha. Mtasema chuo hakina uwezo wa kujenga mabweni mapya kwa ajili ya ugonjwa ambao haujafika. Hakuna anayedai mabweni. Mabadiliko ya kwanza hayahitaji mkandarasi: nyavu za mbu kwenye madirisha ili yaachwe wazi usiku, vitanda kupangwa kichwa kwa miguu, vipindi kugawanywa kwa zamu, darasa kuhamia kivulini inapowezekana, na sabuni isiyozimuliwa. Mto Lumemo ukifurika na maji machafu yakasambaa mjini, kipindupindu hakitauliza kama bajeti imepitishwa. Na kama kweli fungu halipo, pitieni upya gharama za kikao cha kumjadili mwanafunzi mmoja asiyenawa: karatasi za maelezo, nakala za barua, soda, chapati na posho ya wajumbe. Fungu hilo linapatikana siku zote. Litumieni kununulia sabuni, halafu muone wangapi watabaki wa kujadiliwa.

Kwa hiyo naomba kifungu kipya kiwe na masharti matatu. Kabla mwanafunzi hajashtakiwa, chuo kithibitishe kwa maandishi kwamba siku ya kosa maji yalikuwepo, sabuni ilikuwepo na nafasi ilikuwepo. Anayejitokeza mwenyewe na dalili asiadhibiwe kwa lolote, apewe mahali pa kujitenga, alishwe, na mtihani aliokosa aufanye akipona. Adhabu ibaki kwa aliyejua, akawezeshwa, na bado akahatarisha wengine, baada ya kusikilizwa. Chuo kisichoweza kutimiza sharti la kwanza hakina haki ya kimaadili ya kumhukumu mwanafunzi kwa kanuni ambayo chenyewe kimeshindwa kuitii. Anzeni na ndoo za getini, leo, kabla mlipuko mwingine haujatangazwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi wa Bonde la Kilombero.

Nakala: Mhasibu wa chuo, kwa utekelezaji.