Tuandikishwe Kama Saruji

Mheshimiwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, Kampala.

Tunakuandikia kutoka Nagongera, wala si kulalamika. Tuna ombi dogo tu, lisilohitaji hata bajeti: sisi vibarua wa mjengo tuandikishwe kama saruji.

Saruji tunaijua, inatengenezwa hapo Tororo. Ikifika saiti inahesabiwa, inatiwa sahihi, inalazwa juu ya mbao isipate unyevu, inafunikwa turubai na kuwekewa mlinzi. Jioni mlinzi huyo hutupekua, asije mtu akatoka na misumari. Pota, kibarua wa kubeba mizigo, akiangusha mfuko ukapasuka, bei yake inakatwa kwenye ujira kabla vumbi halijatua.

Sasa mtazame pota mwenyewe. Jina lake halimo daftarini. Anapanda ghorofani na karai la zege begani, kandambili miguuni, juu ya milingoti ya mikaratusi iliyoshikizwa kwa misumari ile ile tunayopekuliwa kwa ajili yake. Ubao wa kukanyaga ni mmoja. Wa kumzuia asianguke haupo. Mbao zimelaliwa na saruji. Akianguka, inaitwa ajali ya boda, na ujira wake unahesabiwa mpaka saa aliyoanguka. (Karai lazima lirudi stoo.)

Sheria zipo, Mheshimiwa, tena nzuri. Ile ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri atupe vifaa vya kujikinga. Ya Fidia ya 2000 inaahidi mapato ya miezi 60 kwa aliyelemaa kabisa, au kwa waliomtegemea marehemu. Lakini mapato gani, kwa mtu asiye na mkataba wala karatasi ya malipo? Mwajiri mwenye roho ngumu anaweza kutukumbusha kima cha chini kilichowekwa 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Mara 60 ni 360,000. Kwa bei ya dukani, mtu mzima ni kama mifuko kumi ya saruji.

Basi watume wakaguzi wako. Wakifika Tororo wasiishie kwenye viwanda vyenye geti na kitabu cha wageni. Waje na huku, siku ambayo hajaanguka mtu. Waulize daftari la majina, watikise milingoti kwa mikono yao. Wakikuta kazi ya hatari waisimamishe, maana mamlaka hayo wanayo tangu 2006.

Ni sisi,
Vibarua wa mjengo, Nagongera