Keki ya Wifi

Wifi yangu hali nyama, hali samaki, hanywi maziwa, hagusi yai, na hata asali haionji kwa sababu, asemavyo, nyuki hakuulizwa. Anaishi Uingereza, ambako watu wa msimamo wake wana chama chao tangu 1944, kwa hiyo huko hakuna anayemshangaa. Sisi wa Tanga ndio tunaomshangaa kwa niaba ya wote.

Alipopiga simu kusema anakuja, alisisitiza asisumbuliwe mtu, yeye atakula matunda tu. Aliyeolewa anaielewa lugha hiyo. Wifi akisema msijisumbue, anza kujisumbua siku hiyo hiyo. Nikaamua kumwokea keki ya machungwa isiyo na kitu cha mnyama, maana Muheza ni hapo jirani na msimu ulikuwa umekolea.

Habari ilitoka nyumbani kabla unga haujachekechwa. Nilimwambia mama wa genge peke yake, tena kwa kupita, na kufika jioni nusu ya Ngamiani ilikuwa inajua. Jirani alinisimamisha barazani akaniuliza kama itaumuka kwa dua. Mwingine alitaka kujua mgonjwa ni nani. Shangazi yangu, ambaye habari ilimfikia ikiwa imeshapindika njiani, alikuja na trei ya mayai ameifunga kwa kanga, akanivuta chumbani na kuninong'oneza nisione haya, maisha ni kupanda na kushuka, ningemwambia mapema angesaidia. Nikamweleza habari ya wifi mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Na maji ya kisima anakunywa?" akauliza. "Maana mle mna vyura."

Kisha akaiacha trei juu ya kabati, endapo tutarudiwa na akili.

Hapo ndipo ninapogombana na watu wa kwetu. Maandazi wanayonunua kila asubuhi ni unga, sukari, hamira, iliki na tui la nazi. Vitumbua ni mchele, tui na hamira. Kashata ni nazi na sukari, basi. Sijawahi kumsikia mtu akimshika mkono mama wa vitumbua na kumuuliza yai liko wapi. Wanakula, wanalamba vidole, wanaongeza. Lakini mtangazie mtu huyo huyo kwamba kitu fulani hakina yai, na ulimi wake unaanza kuugua kabla hajaonja.

Na kuumuka si kazi ya yai peke yake. Magadi soda yakikutana na uchachu, uwe wa chungwa, wa ndimu au wa siki, yanatoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua unga. Wamarekani walioka sana keki za namna hii miaka ya 1930 na 1940, mayai na siagi vilipokuwa ghali au vya mgawo: unga kikombe 1 na nusu, sukari kikombe 1, magadi kijiko 1 cha chai, mafuta theluthi ya kikombe, siki kijiko 1 cha mezani na maji kikombe 1. Mimi maji niliyafukuza, nikaweka juisi ya machungwa na tui zito kidogo. Sharti ni moja tu: ukishachanganya, iwahi kwenye moto. Mapovu hayana subira.

Machungwa nayo yalikuwa na vituko vyake. Kijana wangu nilimtuma sokoni, akarudi na kapu zima la madanzi, amefurahi kweli kwa bei aliyopewa. Danzi ni la achari. Ukilikamulia kwenye keki mgeni ataaga kabla hajakaa. Nikaenda mwenyewe.

Halafu ganda. Keki ya machungwa inataka ukwangue ganda la juu, lile lenye mafuta ya harufu, uishie kabla ya kufikia utando mweupe ulio mchungu, na ndipo keki ipate vidoa vizuri vya rangi ya dhahabu. Dhahabu ya wapi? Chungwa letu linaiva likiwa kijani, kwa sababu usiku wa huku haupoi vya kutosha. Ukijani wa ganda unaondolewa na baridi, na baridi sisi hatunayo. Unga wangu ukajaa vidoa vya kijani. Jirani, aliyekuja kuazima chumvi ambayo sikumwona akiondoka nayo, aliinamia bakuli akauliza kama nimetia mchicha. Nikamwambia ndiyo.

Umeme ulikatika saa nane mchana. Hilo halikunitisha. Sufuria kubwa, mchanga safi chini, chombo cha keki ndani, mfuniko, makaa juu: kupalia tulikujua kabla ya kuijua oveni. Nikawasha mkaa, nikasubiri ukolee, nikapanga kila kitu mahali pake, ndipo nikamimina juisi kwenye unga. Mapovu yakapanda, nikayasikia kabisa yakifanya ssss. Nikanyanyua bakuli kuelekea uani.

"Hodi!"

Mama mkwe. Ametoka Pangani na basi la mchana kuja kumpokea bintiye.

Kuna watu unaweza kuwaambia "karibu, nakuja" ukaendelea na shughuli zako. Mama mkwe hayumo. Niliweka bakuli chini, nikapokea mkoba, nikainama. Shikamoo, mama. Marahaba, mwanangu. Habari za hapa? Njema. Watoto hawajambo? Hawajambo. Na mwanangu? Hajambo, yuko kazini. Na lile goti lake? Limepoa. Ule upande wa nyumba mlishauezeka? Bado kidogo, mama. Nikatupa jicho kwenye bakuli. Mapovu yalikuwa yanapasuka moja moja. Na za Pangani, mama? Hilo lilinitoka kwa adabu tu, na ndilo lililoimaliza keki, maana Pangani kulikuwa na habari: kulikuwa na msiba, kulikuwa na harusi, na kulikuwa na ng'ombe wa mtu aliyekula kanga ya mtu, kesi iliyofika kwa mjumbe na haijesha. Mpaka ng'ombe apatiwe mwenyewe, bakuli lilikuwa limenyamaza kimya.

Nikaongeza magadi, nikakamulia ndimu, nikakoroga mbio mbio, nikapalia. Ikatoka imepanda upande mmoja na kulala upande wa pili, kwa kuwa makaa ya juu niliyapanga huku nikiitikia habari za harusi. Mafuta yangu yalikuwa ya alizeti ya Singida, yale ya kukamuliwa yasiyosafishwa, nayo yalijitangaza kidogo kwenye harufu. Nikaisawazisha kwa kisu, nikaimwagia sukari laini iliyokorogwa kwa maji ya ndimu. Ilikuwa tamu. Nasema hivyo nikijua kwamba ni keki yangu.

Wifi alifika jioni, tukakaa barazani. Wote waliokuwa na habari walionja kwa ncha ya meno. Jirani alisema inajitahidi. Shangazi alisema Mungu atatufungulia. Wifi alikula kwa raha, akanishukuru hadi nikaona aibu. Mama mkwe, ambaye katika salamu zote zile hakuambiwa lolote kuhusu keki, alimaliza kipande, akachukua kingine, akafuta vidole kwa upande wa leso.

"Keki nzuri, mwanangu," akasema. "Ila mayai umezidisha."

Wifi akaacha kutafuna.

Niliapa. Jirani akaapa. Shangazi akaapa kwa marehemu mumewe. Wifi akaweka sahani chini taratibu, akasema yeye hana neno na mtu, lakini mama yake amepika tangu kabla sisi hatujazaliwa na ulimi wake haujawahi kukosea. Mama mkwe akakubali kwamba haujawahi. Basi nikaingia ndani, nikaiteremsha trei ya shangazi kutoka kabatini, nikaiweka katikati ya mkeka na kuwaambia wahesabu wenyewe. Trei nzima ni mayai 30, na shangazi mwenyewe ni shahidi kwamba aliileta nzima. Akahesabu yeye kwanza, kwa kidole. Akafuata wifi. Mama mkwe akaomba miwani, naye akahesabu.

Yalikuwa 29.

Kijana wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema anawahi mpira.